Mabenki yaache kufichana habari za wezi wa kompyuta

Mnadani Feri, Kivukoni, bei ya samaki haina siri. Dalali akishaitaja kwa sauti, muuza rejareja, mama lishe na mwenye gari la barafu wote wameisikia, na haichukui muda mrefu kabla haijafika Kariakoo. Hali ni hiyo hiyo kwa mchele, maharage na dola. Wauzaji hao ni washindani, na baadhi yao hata hawasalimiani, lakini bei wanatangaziana, kwa sababu soko lisilojua bei ni soko la walanguzi. Hata ukurasa wa bei za wiki usingekuwepo kama kila mwenye duka angeifungia bei yake sandukuni.

Habari za mwizi nazo husafiri hivyo hivyo. Mtu akipitisha noti bandia ya shilingi 10,000 katika duka moja la Mtaa wa Msimbazi, duka la tatu huwa limekwisha ambiwa kabla hajafika. Hakuna mwenye duka anayeona aibu kusema kwamba ametapeliwa. Aibu ni kumwacha jirani atapeliwe na mtu yule yule mchana ule ule.

Katika majengo marefu ya Kivukoni, mwendo usiozidi kilometa tatu kutoka Kariakoo, desturi ni nyingine kabisa. Huko benki ikivamiwa katika kompyuta zake, jambo la kwanza ni kufunga mlango. Mafundi huambiwa wasiseme, mwanasheria huitwa, ofisa uhusiano huandaa maneno mawili matatu kuhusu "matengenezo ya mfumo", na wateja huombwa radhi kwa usumbufu. Benki ya jirani, ambayo huenda inajaribiwa na wezi wale wale usiku ule ule, husoma tangazo la matengenezo gazetini kama mwananchi mwingine yeyote.

Desturi hiyo ina gharama, na wanaoilipa si wenye majengo marefu peke yao.

Mfano wa karibu ni Uganda. Jumamosi ya tarehe 3 Oktoba 2020, Stanbic Bank Uganda, MTN na Airtel walijikuta wamepatwa na janga moja. Wezi hawakupita katika mlango wa benki wala wa kampuni ya simu. Walipita kwa Pegasus Technologies, kampuni ya kati iliyokuwa ikiunganisha akaunti za benki na pochi za simu. Magazeti ya Kampala yaliripoti kuwa laini za simu zipatazo 2,000 zilitumika kuvuna fedha hizo. Huduma za kuhamisha fedha kati ya benki na simu zikasimamishwa, na washindani hao watatu wakalazimika kutoa tamko moja la pamoja. La kujiuliza ni kwa nini wasubiri kuibiwa pamoja ndipo waandike barua pamoja. Waliochangia mlango walipaswa kuchangia mlinzi tangu siku ya kwanza.

Mfano wa pili ni Kenya, na huo ulikuwa wa namna nyingine. Mwishoni mwa Julai 2023 kundi lililojiita Anonymous Sudan liliushambulia mtandao wa serikali wa eCitizen, ambao wakati huo ulikuwa umebeba huduma zaidi ya 5,000. Hapo hapakuwa na wizi wa fedha, na aliyekuwa waziri wa habari na mawasiliano, Bwana Eliud Owalo, alisema hakuna taarifa zilizopotea. Kilichofanyika ni kuuziba mlango. Wasafiri walikwama kupata viza, wananchi wakashindwa kununua umeme wa luku kwa simu, na wafanyabiashara wakasumbuka katika malipo ya M-Pesa. Mwaka 2024 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwafungulia mashtaka ndugu wawili raia wa Sudan, ikidai kuwa chombo cha kundi hilo kilitumika katika mashambulio zaidi ya 35,000. Kama madai hayo ni kweli, basi waliotikisa ofisi, mashirika na makampuni duniani kote hawakuwa jeshi. Walikuwa watu wachache sana wenye chombo kizuri.

Mfanyabiashara wa Kariakoo anaweza kuuelewa uzibaji huo bila somo la kompyuta. Achukue duka lake la vitenge. Mshindani akodi vijana 500 waingie humo kwa pamoja, kila mmoja aulize bei, apapase kitambaa, aondoke, arudi tena. Hakuna aliyeiba hata uzi, lakini mteja wa kweli hawezi kuingia na duka halijauza kitu. Katika kompyuta, vijana hao ni maombi ya uongo yanayomiminwa kutoka maelfu ya mashine katika nchi mbalimbali kwa wakati mmoja. Mwenye duka akiwa peke yake hawezi kuyazuia, kwa sababu msongamano unaanzia barabarani. Akizuia pale mlangoni, barabara imekwisha jaa. Wa kumsaidia ni wenye barabara, yaani kampuni za intaneti zinazoyapitisha maombi hayo, nao hawawezi kusaidia kama hawakuambiwa mapema yanatoka wapi na yanafananaje.

Na mashine hizo maelfu hutoka wapi? Jibu halitawafurahisha wengi. Nyingine ni kamera za ulinzi na vile visanduku vya kusambaza intaneti vinavyouzwa madukani, Kariakoo ikiwemo. Mtu hununua kamera nne, fundi huzifunga, na neno la siri hubaki lile lile la kiwandani, ambalo kila mhalifu analijua. Kirusi kilichoitwa Mirai, kilichojitokeza mwaka 2016, kilifanya kazi hiyo tu ya kuzunguka mtandaoni kikijaribu maneno ya siri ya viwandani mpaka kikajipatia jeshi la kamera. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la namna hiyo liliiangusha kampuni ya Dyn ya Marekani, na tovuti kubwa kubwa zikazimika kwa saa kadhaa.

Yaliyotokea Liberia katika kipindi hicho yanawahusu Waafrika zaidi. Kampuni ya simu ya Lonestar ilishambuliwa kwa silaha ya aina hiyo, na watumiaji wa intaneti nchini humo wakaumia. Mwaka 2019 mahakama ya London ilimfunga Mwingereza aitwaye Daniel Kaye miezi 32. Ilibainika kuwa alikuwa amekodiwa na mkubwa mmoja wa kampuni pinzani. Kwa maneno mengine, ugomvi wa kugombea wateja Monrovia ulipiganwa na kamera za watu ambao hawakujua lolote. Mwenye duka la Kariakoo anayedhani kuwa habari hizi ni za wakubwa wa Kivukoni ajue kwamba kamera iliyo juu ya kaunta yake inaweza ikawa imekwisha andikishwa jeshini.

Hapa Tanzania mambo mengi yamekusanywa katika milango michache, na si kosa kufanya hivyo. Malipo ya serikali hupita katika mfumo mmoja wa GePG, wenye ile namba ya malipo ambayo watu huiita kontroli namba. Fedha za simu zimeunganishwa tangu mwaka 2014 makampuni yalipoanza kupokeana miamala, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Benki Kuu nayo inaendesha mfumo wa TIPS unaopitisha fedha papo hapo kati ya benki na simu. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayemtumia fedha mwenye mzigo Mbeya saa nne za usiku, akiwa amesimama kando ya fuso, hutumia barabara hizo zote bila kuzijua majina. Lakini barabara zikikutana, ajali nayo huwa moja. Nchi iliyounganisha fedha na kuacha habari za hatari zikiwa zimegawanyika imejenga nusu ya daraja.

Wapo wanaodai kuwa mabenki hayawezi kuambiana siri, kwa kuwa ndivyo biashara ilivyo. Historia ya Dar es Salaam inakanusha. Baada ya sheria ya mabenki ya mwaka 1991 kufungua milango kwa benki binafsi, ulizuka mchezo uliojulikana sana. Mtu alikopa benki moja, akaacha kulipa, akavuka Mtaa wa Samora na kukopa benki ya pili. Kila benki ilificha jina la mdaiwa wake sugu kwa kisingizio cha siri ya mteja, na ukweli ni kwamba nyingi ziliona aibu kukiri kuwa zilikopesha vibaya. Ilichukua miaka mingi. Mwaka 2010 zikatoka kanuni za Benki Kuu za kuweka kumbukumbu za wakopaji, na leo benki huangalia historia ya mteja kabla haijatoa mkopo. Hakuna benki iliyofilisika kwa kuwataja wadaiwa wake. Riba wanashindania kama kawaida, na wateja wananyang'anyana kama kawaida.

Benki ndogo zilifanya jambo la kufanana na hilo kwa sababu nyingine, ya ufukara. Kila moja peke yake haikuwa na uwezo wa kutandaza mashine za kutolea fedha mikoani, ndipo zikaungana chini ya UmojaSwitch na mteja wa benki moja akatumia mashine ya nyingine. Kinachohitajika sasa ni kidogo kuliko hayo yote. Hakuna anayeiomba benki itoe jina la mteja wake, salio lake, wala mipango yake ya mwaka kesho. Inaombwa iseme kwamba saa nane usiku tumegongwa kutoka anwani hizi, kwa barua pepe yenye maneno haya, na fedha zikajaribiwa kupelekwa katika namba hizi.

Hilo la namba ndilo gumu, na lisipitiwe juu juu. Namba ya simu au ya akaunti iliyopokea fedha za wizi ni ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mtu huyo. Huenda ni mwizi. Huenda ni kijana aliyeazimwa laini yake kwa shilingi elfu chache. Huenda ni bibi wa Kisarawe ambaye kitambulisho chake kilisajiliwa laini asiyoijua. Benki kumi zikipeana namba hiyo na zote zikaifungia, bibi huyo ataamka akiwa hawezi kupokea fedha popote, wala hatajua amshitaki nani. Kwa hiyo sheria ya kupeana habari lazima iseme namba ikae kwenye orodha muda gani, nani anaweza kuiondoa, na mwenye namba alalamike wapi. Wanasheria wa mabenki wakishughulika na maswali hayo watakuwa wamefanya kazi yao. Wakiyatumia kama sababu ya kukaa kimya watakuwa wamewafanyia kazi wezi.

Serikali haijalala kabisa. Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 iliweka msingi wa kikosi cha taifa cha kushughulikia dharura za kompyuta, TZ-CERT, kilichopo chini ya Mamlaka ya Mawasiliano. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilifuata mwaka 2015. Katika msako wa polisi wa kimataifa wa Septemba na Oktoba 2024, ulioitwa Serengeti, Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi 19 za Afrika zilizoshiriki, na watu 1,006 walikamatwa katika nchi hizo.

Hata hivyo, kuna kasoro ya mpango. Benki ina msimamizi wake, ambaye ni Benki Kuu. Kampuni ya simu inasimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Kila anayeumizwa hupeleka habari juu, kwa mtu mwenye uwezo wa kumtoza faini. Si ajabu basi habari zikachelewa, zikapunguzwa chumvi, na zikapitia kwanza kwa mwanasheria. Habari ikifika juu siku ya tatu haiwezi tena kumsaidia jirani aliyevamiwa siku ya pili. Kupeleka habari juu ni jambo moja, na kupeleka habari kando ni jambo jingine, na hili la pili ndilo linalokosekana.

Wanaotafuta mfano wa kupeleka habari kando hutazama Estonia, nchi ndogo yenye watu wapatao milioni 1.3. Tarehe 27 Aprili 2007, baada ya serikali kuhamisha sanamu ya askari wa Kisovieti mjini Tallinn, yalianza mashambulio ya kuziba njia dhidi ya wizara, magazeti na mabenki, yakaendelea kwa wiki kadhaa. Kikosi chao cha dharura kilikuwa na umri wa mwaka mmoja hivi, na watu wa kuhesabu. Lakini mafundi wa benki, wa kampuni za simu na wa serikali walikuwa wanajuana kwa majina, kwa kuwa walikwisha fanya kazi pamoja kulinda uchaguzi wa kupiga kura kwa intaneti. Hivyo simu zilipoanza kupigwa usiku, hapakuwa na mtu wa kuuliza "wewe ni nani, na barua ya mkurugenzi wako iko wapi?" Wakachuja kwa pamoja, wakabana njia za kutoka nje, wakawaomba wataalamu wa mitandao ya nchi nyingine wazuie mafuriko huko huko yanakoanzia.

Kubana njia za nje kunahitaji kuwa na njia za ndani, na hapo Dar es Salaam ina mali ambayo haizungumzwi vya kutosha. Watoa huduma za intaneti, kupitia chama chao cha TISPA, wanaendesha kituo cha TIX ambapo wanabadilishana mawasiliano ya hapa hapa nchini bila kuyazungusha Ulaya. Nao ni washindani. Siku mafuriko yatakapotoka ng'ambo, benki iliyounganishwa vizuri hapo inaweza kuubana mlango wa nje na bado wakala wa Mtaa wa Mkunguni akaendelea kumhudumia mteja wake. Benki isiyounganishwa vizuri itazimika yote. Wakurugenzi wangewauliza mafundi wao swali hilo moja katika kikao kijacho, hata kama jibu litawaharibia chai.

Msaada mwingine wa watoa huduma hauna hata gharama kubwa. Ni kukataa kupitisha maombi yenye anwani za kughushi yanayotoka kwa wateja wao wenyewe. Ushauri huo wa kitaalamu ulitolewa tangu mwaka 2000 na duniani bado wapo wasioufuata, kwa sababu anayechuja anamlinda mwenzake na si nafsi yake. Ni kama kufagia uchochoro wa nyuma ya duka. Usafi unamfaidi jirani, na jirani asipofagia kwake, uchafu unarudi kwako.

Wadogo nao wasisahauliwe. Wakala wa fedha wa Kariakoo anayeanza siku na floti yake yote ya mtaji katika simu mbili hana idara ya usalama. Ana macho na ana masikio, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuona kwamba sura mpya tatu zimetoa fedha nyingi kwa haraka isiyo ya kawaida, au kwamba ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umebadilisha maneno. Mamlaka ya Mawasiliano imetoa namba 15040 ya kupeleka ujumbe wa matapeli, na wengi wanaitumia. Shida ni kwamba habari hupanda bila kushuka. Wakala anatuma namba ya tapeli, anapokea shukrani, basi. Haambiwi kama namba imefungwa, wala haambiwi ni mbinu gani imeingia mjini wiki hii. Wakala wa pili aliyepo hatua kumi anaibiwa kwa mbinu ile ile Ijumaa.

Umoja wa Mabenki Tanzania upo tangu miaka ya 1990 na una uzoefu wa kuwakalisha washindani meza moja. Ukishirikiana na makampuni ya simu, TISPA na TZ-CERT, unaweza kuanzisha chumba kimoja chenye watu wa zamu na simu isiyolala, na sharti moja la msingi: atakayetoa habari ndani ya saa za mwanzo asitozwe faini kwa sababu ya habari hiyo, na jina lake lisitajwe kwa wenzake. Benki Kuu na Mamlaka ya Mawasiliano ndizo pekee zinazoweza kutoa ahadi hiyo ikaaminika, kwa hiyo zianze nazo. Kutoka chumba hicho, kila Jumatatu, itoke karatasi ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili cha kawaida inayowaeleza mawakala na wenye maduka mbinu zilizoonekana wiki iliyopita, kama bei za mazao zinavyotangazwa.

Ugomvi utakuwa juu ya nani alipe. Benki kubwa zitasema zinabeba ndogo, ndogo zitasema hazina uwezo, na makampuni ya simu yatadai kuwa fedha ni za mabenki. Hesabu ya haki ingefuata miamala: anayepitisha mingi alipe zaidi, kwa kuwa ndiye atakayepoteza zaidi mlango ukizibwa. Na zamu ya kwanza kulipiwa iwe ya mwisho wa wiki. Wezi wa Kampala walikuja Jumamosi. Waliovamia akaunti ya Benki Kuu ya Bangladesh mwaka 2016 na kutoroka na dola milioni 81 walianza kazi Alhamisi usiku, wakijua kuwa Ijumaa ofisi za Dhaka zimefungwa. Kivukoni nayo hufunga Jumamosi mchana, saa ambazo Kariakoo inauza kuliko siku nyingine yoyote.